Ufa Upi Uzibwe Kwanza? Ushauri wa Kukagua Majengo ya Shule

Nilipokuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi, darasa la tano lilikuwa linavuja kwenye kona, juu ya dawati la mwisho. Tulifanya wanavyofanya wengi: tukalisogeza dawati, tukaweka ndoo. Jua lilipowaka tukasahau. Mwaka wa pili tukasogeza madawati mawili. Mwaka wa tatu nilimwita seremala apande kuangalia. Alichomeka bisibisi kwenye mbao ya kenchi, ikazama mpaka kwenye mpini. Kenchi mbili zilikuwa zimeoza, mbao inayolala juu ya lenta ilikuwa imeliwa na mchwa waliofuata unyevu, na lipu ya ukuta ule ilikuwa inabanduka kwa mafungu. Kazi ambayo ingemalizwa na misumari michache na kofia moja ya bati ikawa ya kuezua na kuezeka upya nusu ya darasa. Watoto walisomea chini ya mwembe kwa muhula mzima, na kosa lilikuwa langu.

Tangu wakati huo, kila mwalimu mkuu mpya anayeniomba ushauri nampa huu kabla ya mwingine wote: kagua majengo yako, andika ulichokiona, kisha panga. Sote tumelelewa na methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni methali ya kweli. Lakini shule yenye nyufa ishirini na fedha za kuziba tatu inahitaji kujua jambo moja zaidi: ni ufa upi uzibwe kwanza. Hapo ndipo ukaguzi unapoanza kuwa na maana.

Hesabu isiyokwepeka

Taifa letu la Tanzania limejenga sana. Madarasa ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), ulioanza mwaka 2002, sasa yamepita miaka 20, na mengi yanaingia umri wa kudai matengenezo makubwa. Zikafuata sekondari za kata. Mwaka 2021 yakajengwa madarasa 15,000 kwa mpigo, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, yaani matawi ya shule za msingi, kila moja kwa shilingi milioni 20. Yote hayo yatazeeka pamoja.

Wataalamu wa majengo hushauri kutenga kila mwaka kati ya asilimia 2 na 4 ya gharama ya kulijenga jengo upya ili lidumu katika hali nzuri. Chukua kiwango cha chini. Asilimia 2 ya milioni 20 ni shilingi 400,000 kwa darasa moja kwa mwaka. Shule ya madarasa 12 inahitaji shilingi milioni 4.8. Sasa tazama mfukoni. Ruzuku ya uendeshaji ya shule ya msingi imekuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shule ya watoto 600 inahesabiwa milioni 6, na humo vimo vitabu, chaki, mitihani, michezo na utawala. Inayobaki kwa matengenezo haiwezi kufika milioni 4.8.

Kwa hiyo hatuna anasa ya kutengeneza chochote kinachotujia machoni. Shilingi kidogo tuliyonayo lazima iende pale inapozuia hasara kubwa zaidi, na pale hatuwezi kupajua kwa kukisia tukiwa tumekaa ofisini.

Wakati na watu

Pwani na kaskazini, ambako kuna masika na vuli, fanya ukaguzi mkubwa wakati wa likizo ya Juni. Masika yamekwisha punde, madoa ya maji bado yanaonekana, na mbele yako una miezi ya kiangazi ambayo fundi anaweza kufungua bati bila kuhofia mvua. Kabla ya vuli, mwishoni mwa Septemba, fanya ukaguzi mdogo wa paa, gata na mitaro tu. Kwenye mikoa ya msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma, Singida, Mbeya na Ruvuma, ukaguzi mkubwa ufanyike Mei na mdogo Oktoba.

Kumbuka pia kalenda ya fedha. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini vipaumbele vya bajeti hukusanywa kutoka vijijini na kwenye kata miezi mingi kabla ya tarehe hiyo. Taarifa yako ya Juni ndiyo ya kupeleka kwenye bajeti ya mwaka unaofuata. Shule inayopeleka maombi baada ya paa kuezuliwa na upepo inasimama kwenye foleni ya maafa, na foleni hiyo ni ndefu.

Usikague peke yako. Chukua mjumbe mmoja wa kamati ya shule, fundi mwashi na seremala wa hapo kijijini, na viranja wawili. Viranja usiwadharau: wao ndio wanaojua mlango upi unang'ang'ania, dirisha lipi halifungi na choo kipi watoto wanakiogopa. Beba daftari kubwa, penseli, futi ya kamba, bisibisi, tochi, uzi wa fundi, ngazi imara, na simu ya kupigia picha. Chora ramani ya shule kwa mkono, kila jengo ulipe herufi na kila chumba namba. Kila picha ipigwe mahali palepale kila mwaka, ili mwakani mlinganishe.

Shahidi bora kuliko wote ni mvua yenyewe. Mpe mwalimu wa zamu kipande cha chaki. Siku inayonyesha, azungushe duara sakafuni kila mahali maji yanapodondoka, kisha aandike chumba na tarehe. Duara hizo zitamwokolea seremala siku nzima ya kutafuta.

Fuata maji kutoka juu hadi chini

Majengo yetu yana maadui wengi, lakini mkubwa wao ni maji. Mchwa hufuata unyevu, mbao huoza kwa unyevu, nondo hushika kutu kwa unyevu, na udongo ulio chini ya msingi hulainika kwa maji. Ukitaka kukagua kwa mpangilio, tembea njia ileile linayopita tone la mvua.

Fanya hesabu hii na wanafunzi wa darasa la saba. Paa la jengo la madarasa matatu lenye urefu wa mita 27 na upana wa mita 9 lina eneo la mita za mraba 243. Mvua ya milimita 10 tu, ya asubuhi moja, huliangushia lita 2,430, yaani zaidi ya madumu 120 ya lita 20. Kama hakuna gata, madumu yote hayo yanamwagwa kwenye mguu wa ukuta. Yanachimba mfereji, yanafunua msingi, yanarusha tope ukutani, na kwa vile hayakukingwa kwenye tanki, mchana watoto wanatembea kwenda kuchota maji mbali.

Anza na paa. Ingia darasani adhuhuri, funga milango na madirisha, tazama juu. Kama hakuna dari, kila tundu la msumari litang'aa kama nyota. Kama kuna dari, tafuta madoa ya rangi ya chai, kisha panda upenyo wa dari na tochi. Ukiwa nje, simama mbali uangalie mstari wa kofia. Ukiona umebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee, kuna kenchi iliyochoka. Hesabu misumari iliyolegea na raba zilizokauka. Chunguza kama bati limeshika kutu juu tu au limeanza kutoboka. Gonga kila mbao ya kenchi, kisha ichome kwa bisibisi, hasa inapokutana na ukuta. Mbao nzima hukataa, iliyooza hupokea. Tafuta njia za udongo za mchwa zinazopanda ukutani, na uzifuate zinakoishia.

Tena angalia kama kenchi zimefungwa kwenye lenta kwa waya au vipande vya nondo. Habari za mapaa ya shule kuezuliwa na upepo tunazisikia kila msimu, na mapaa mengi yaliyolala juu ya ukuta kwa uzito wake tu hungoja siku yao. Kufunga kenchi ni kazi ya gharama ndogo ukilinganisha na kununua paa jipya.

Shuka kwenye gata na fishabodi, kisha kuta, madirisha na milango, na mwisho msingi. Zunguka jengo lote. Je, kuna kibaraza cha zege kinachosukuma maji mbali? Je, ardhi inainamia nje au inainamia ukutani? Je, kuna unga mweupe wa chumvi na lipu inayobanduka chini ya ukuta? Hiyo ni dalili ya maji yanayopanda kutoka ardhini. Ndani, gonga sakafu kwa kisigino. Panapotoa sauti ya chungu kitupu, saruji imeachana na chini na shimo liko njiani. Sakafu yenye mashimo si suala la sura tu. Vumbi lake ni makazi ya funza, na funza humnyima mtoto usingizi na masomo.

Jinsi ya kuusoma ufa

Si kila ufa unatisha, na si kila ufa mdogo ni wa kupuuzwa. Tumia vipimo viwili ambavyo kila mwalimu anavyo. Cha kwanza ni kitambulisho cha Taifa au kadi ya benki, ambayo unene wake haufiki milimita 1. Kisipoingia kwenye ufa, mara nyingi ni lipu tu iliyokauka. Andika, usihangaike. Cha pili ni penseli, ambayo unene wake ni kama milimita 7. Penseli ikiingia, ondoa watoto kwenye chumba hicho leo, na umwite mhandisi wa halmashauri kabla ya kuziba chochote. Nyufa za katikati ndizo za kufuatilia.

Angalia na mwelekeo. Ufa unaokwenda kwa ngazi kutoka kona ya dirisha kuelekea chini huonyesha kuwa msingi unashuka upande mmoja. Ufa wa mlalo karibu na lenta huashiria paa linasukuma ukuta. Ufa wima mahali darasa la zamani linapokutana na jipya kwa kawaida husema kuwa kuta hizo hazikushonwa pamoja. Ukiwa kwenye udongo mweusi wa mbugani, ufa unaofunguka kiangazi na kujifunga wakati wa mvua hautapona kwa saruji, kwa sababu ardhi yenyewe inavimba na kusinyaa. Hapo dawa ni kuzuia maji yasifike kwenye msingi na kupata ushauri wa mtaalamu.

Ili kujua kama ufa unakua, andika tarehe kwa penseli kwenye ncha zake zote mbili. Au bandika kipande chembamba cha kioo kuvuka ufa, ukishike kwa saruji pande zote. Kioo kikipasuka, ukuta unatembea. Kuziba ufa unaotembea ni kuuficha, na ukuta ulioficha ufa ni hatari kuliko ule unaouonyesha. Walio mkoani Kagera wazingatie hili zaidi. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliharibu vibaya sekondari kongwe za Ihungo na Nyakato, na jengo lililokuwa na nyufa kabla ya siku kama ile halina pa kujishikia.

Mambo yasiyosubiri foleni

Kuna vitu ambavyo havipewi alama za kipaumbele, nitakazozieleza baadaye, wala havisubiri bajeti. Ukivikuta vibovu, funga eneo siku hiyohiyo.

Vyoo ni vya kwanza. Kanyaga kwa tahadhari pembeni mwa sakafu ya choo, angalia nyufa, nondo zilizojitokeza na udongo uliobomoka kuzunguka shimo. Shusha kamba yenye jiwe upime kina kilichobaki. Uchafu ukifika nusu mita chini ya sakafu, shimo limejaa: ama linyonywe, ama lifungwe. Hesabu na matundu. Mwongozo wetu wa vyoo vya shule unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Unapofunga tundu moja, andika umewapunguzia watoto wangapi huduma, kwa sababu namba hiyo ndiyo itakayosomwa na wenye bajeti.

Mabweni ni ya pili. Mwaka 1994 wasichana wapatao 40 waliteketea katika bweni la shule ya sekondari ya Shauritanga, Rombo. Mwaka 2001 wavulana 67 walikufa katika shule ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, katika bweni ambalo madirisha yalikuwa na nondo na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Mwongozo wa usalama wa shule wa Kenya wa mwaka 2008 ulikataza nondo madirishani, ukaagiza milango ifunguke kwa nje na vitanda viachane angalau mita 1.2. Tembea kwenye bweni lako usiku, taa zikiwa zimezimwa, ujaribu mwenyewe kutoka. Ukikwama wewe mtu mzima, ujue mtoto aliyeshtuka usingizini hatatoka.

Umeme na radi ni vya tatu. Waya zilizoning'inia, soketi zilizopasuka na swichi zinazotoa cheche zizimwe mpaka fundi mwenye leseni azitazame. Kama shule ina kizuia radi, fuata waya wake mpaka unapoingia ardhini. Mara nyingine waya huo wa shaba umekwishaibwa na kilichobaki ni ncha iliyo juu ya paa. Januari 2025 radi iliua wanafunzi saba katika sekondari ya Businda, wilayani Bukombe. Mikoa ya Kanda ya Ziwa haiwezi kulichukulia jambo hili kuwa la ziada.

La nne ni mapaa ya zamani ya asbesto yaliyobaki katika baadhi ya shule kongwe. Vumbi lake likivutwa huleta maradhi mabaya ya mapafu. Usilitoboe, usilivunje, usifagie vipande vyake vikavu. Wazuie watoto, andika, peleka taarifa, na uache kuondolewa kwake kuwe kazi ya wenye vifaa na kibali.

Kutoka kwenye daftari hadi kwenye mpango

Mkiisha kuzunguka, kaeni chini siku hiyohiyo mkikumbuka kila kitu. Kila kasoro ipeni alama mbili.

Ya kwanza ni ya hali: 1 ni nzima, 2 ina uchakavu mdogo, 3 imeharibika, 4 ni hatari. Ya pili ni ya athari: C kama inagusa sura tu, B kama inazuia masomo, A kama inahatarisha mtu au itasambaza uharibifu kwenye sehemu nyingine. Kwa njia hii kofia ya bati iliyong'oka, ambayo kwa macho ni kitu kidogo, hupata 3A, kwa sababu itaozesha kenchi. Rangi iliyofifia hupata 3C. Mwenye daftari hatachanganyikiwa: 4A na 3A kwanza, kisha B, na C mwisho.

Nasisitiza hili la rangi kwa sababu nimeliona mara nyingi. Mgeni rasmi anatangazwa, na fedha pekee ya matengenezo ya mwaka inakwenda kwenye kupaka ukuta ambao paa lake linavuja. Mvua mbili baadaye rangi imebanduka. Rangi ipakwe baada ya maji kuzuiwa, kamwe si kabla.

Kisha gawanyeni kazi katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni zile ambazo shule inaweza kuzimaliza mwezi huu kwa fundi wa kijijini: kukaza misumari, kusafisha gata, kuchimba mtaro, kubadilisha bawaba. Fungu la pili ni za mwaka huu, kwa ruzuku na nguvu za wananchi. Fungu la tatu ni zile zinazozidi uwezo wenu na zinazohitaji mhandisi na fedha za halmashauri.

Kwa kila kazi andikeni kipimo, si maneno. "Paa ni bovu" haimsaidii mtu. "Jengo B, gata mita 54, kofia za bati 6, misumari kilo 3, fundi siku 2" ni sentensi inayoweza kupata fedha. Ulizeni bei kwenye maduka mawili au matatu, ongezeni usafiri, kisha asilimia 10 ya dharura. Mnaponunua mbao za kenchi, chagueni zilizotiwa dawa hata kama bei iko juu kidogo. Mnaponunua bati, kumbukeni kuwa geji 28 ni nene kuliko geji 30. Urahisi wa dukani mara nyingi hulipwa mara mbili juu ya paa.

Daftari ni mali ya shule

Walimu wakuu tunahamishwa. Tunapoondoka, mara nyingi tunaondoka na kumbukumbu zote: nani aliezeka, shimo la choo lilichimbwa lini, ufa upi ulianza mwaka gani. Daftari la ukaguzi liingizwe kwenye makabidhiano kama yanavyokabidhiwa madawati na vitabu. Kamati ya shule ibaki na nakala. Muhtasari wa ukurasa mmoja ubandikwe kwenye ubao wa matangazo na usomwe kwenye mkutano wa wazazi: tulikuta nini, tumetengeneza nini, kwa shilingi ngapi, na nini kimebaki.

Elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa Januari 2016, wazazi wengi walielewa kwamba jengo la shule si lao tena. Uwazi ndio unaowarudisha. Mzazi anayeona picha ya kenchi iliyoozea juu ya kichwa cha mwanawe, pamoja na bei ya kuibadilisha, hasukumwi kuleta mchanga, mawe au siku moja ya kazi yake. Michango ya fedha ifuate taratibu na iwe ya hiari, asirudishwe nyumbani mtoto yeyote kwa sababu yake.

Mwalimu mwenzangu, na wewe mjumbe wa kamati, usingoje mhandisi aje ndipo uanze. Mhandisi mmoja wa wilaya ana majengo mengi kuliko siku za mwaka, na atafika haraka zaidi kwenye shule iliyomwandikia vipimo, picha na tarehe. Likizo ijayo, nunua daftari, waite mafundi wawili na viranja wawili, mkague darasa moja tu kutoka kofia ya bati hadi msingi. Kesho yake mtakagua la pili. Na kama leo kuna ndoo katika mojawapo ya madarasa yako, anzia hapo.